Sikukuu ya Uhuru imeangukia bamvua, tuhesabu maji kabla ya nyama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa wale ambao tayari wameanza kuchangishana kwenye magrupu ya familia kwa ajili ya kwenda ufukweni tarehe 9 Desemba. Mipango ya namna hii huanza na pesa, ikaja nyama, ikaja spika ya muziki. Maji ya bahari hayamo kabisa. Saa ya kuondoka nyumbani inachaguliwa kama vile tunakwenda ukumbini, ambako sakafu inakaa palepale kutwa nzima.

Mwaka huu kosa hilo lina gharama kuliko kawaida. Jumatano ya tarehe 9 Desemba 2026, siku Tanganyika inapotimiza miaka 65 ya uhuru, mwezi unaungana na jua alfajiri ileile, kabla ya saa kumi kamili. Kwa mtu wa pwani hiyo ina maana moja tu: bamvua, yaani siku za maji kupwa sana na kujaa sana. Bahari itakimbia mbali asubuhi, na alasiri itarudi hadi kwenye mizizi ya mivinje.

Katika pwani yetu hii, tangu Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma, bamvua lina saa zake na hazibadiliki sana. Maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, hujaa kabisa karibu saa kumi alasiri, hupwa tena saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana baada ya wiki moja mambo yanakuwa kinyume: saa nne asubuhi maji yamejaa, alasiri yamepwa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hayo ndiyo maji mafu. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari au amuulize mvuvi yeyote anayetengeneza nyavu pale Shangani. Lakini kwa kupanga siku ya familia, saa nilizozitaja zinatosha.

Na wenye kupanga Krismasi wajue mapema: mwezi utakuwa mpevu tarehe 24 Desemba, na safari hiyo utakuwa karibu zaidi na dunia, kwa hiyo bamvua la Krismasi litakuwa kubwa kuliko hili la Uhuru. Mwaka Mpya ni habari nyingine. Tarehe 1 Januari itatukuta tukitoka kwenye maji mafu, na saa kumi alasiri, badala ya kujaa, bahari itakuwa inaelekea kupwa. Mtu atakayechukua ratiba ya Uhuru akaitumia vilevile Mwaka Mpya atawapeleka watoto kuogelea kwenye matope na majani.

Sasa, bamvua si adui. Likipangiwa vizuri ndilo linalotoa chakula cha siku yenyewe. Kupwa kwa saa nne asubuhi kunaacha mwamba nje, na mwamba ukiwa nje, wavuvi wa pweza, wengi wao kina mama, wanatembea juu yake kuanzia saa mbili hivi wakichungulia mashimo. Kufika saa sita wamerudi, kwa sababu maji nayo yanarudi. Pweza utakayemnunua saa hiyo ni wa siku hiyo, hajalala kwenye barafu ya mtu. Siku ya maji mafu huwezi kumpata kwa wingi huo hata uwe na pesa ya harusi.

Kabla ya kununua ulizeni kama mwamba wa kijiji husika umefungwa. Vijiji kadhaa vya pwani yetu hufunga sehemu ya miamba kwa miezi kama mitatu ili pweza akue, na kumnunua aliyeibwa kwenye mwamba uliofungwa ni kuwavunja moyo waliosubiri. Vilevile pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi kuvuliwa. Wadogo hao ndio wanaouzwa kwa fungu, bei ya kutupa, siku za sikukuu. Waacheni. Pweza mzuri ngozi yake inang'aa na inabadilika rangi ukiigusa, na vikombe vya mikono vinashika kidole. Akinuka shombo kali, ni wa jana.

Kwa watu ishirini, wakubwa na watoto kwa pamoja, pigeni hesabu ya pweza kilo 6, samaki wa kuchoma kilo 5, mchele kilo 3 na nusu na nazi kubwa 12: saba za wali, tano za pweza. Kilo 6 zinaonekana nyingi, ila pweza akiiva anapoteza karibu nusu ya uzito wake kwa kuwa mwili wake mwingi ni maji. Hapo ndipo kamati nyingi zinapokosea. Wananunua kilo 3 kama wanavyonunua nyama, na ikifika zamu ya watoto sufuria ina mchuzi mtupu.

Namna ya kumpika inahitaji maelezo, maana pweza mgumu ni lawama ya mpishi mwaka mzima. Pindueni kichwa ndani nje kama soksi, toeni matumbo na mfuko wa wino taratibu usipasuke, kisha katikati ya mikono minyeni mtoe ule mdomo mgumu kama wa kasuku. Msugueni kwa chumvi ya mawe hadi ute utoke, suuzeni, rudieni hadi maji yaache kutoa povu. Kisha apigwe. Kwenye jiwe safi au ubao, mikono yote, hasa pale inaponenepea, hadi ilegee na kuning'inia. Aliyekuwa kwenye friza usiku mzima hahitaji kupigwa sana, kwani barafu imeshafanya kazi ileile ya kuvunja nyuzi za nyama.

Wekeni kwenye sufuria bila maji na bila chumvi, funikeni, moto mdogo. Ndani ya dakika kumi atakuwa ametoa maji yake mwenyewe, yenye rangi ya zambarau, na hayo yanamtosha. Pweza wa kilo moja hadi mbili huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Msiende kwa saa peke yake: chomeni kwa kijiti pale mkono unapoungana na kichwa, pakipenya bila kulazimisha, ameiva. Ugumu hutokea kwa njia mbili: moto mkali uliomkaza, au mpishi mwenye haraka aliyemwepua katikati, wakati nyama imeshajikunja lakini haijaanza kulainika. Wa aina hii ya pili hajaharibika. Rudisheni jikoni tu.

Akishaiva mkateni vipande, ndipo muende kwenye nazi. Kunieni nazi tano, kamueni tui zito kwa maji kidogo ya uvuguvugu, liwekeni pembeni kivulini. Machicha yaleyale yakamuliwe tena kwa maji zaidi mpate tui jepesi. Tui jepesi ndilo la kupikia kitunguu, nyanya, bizari, kitunguu saumu na pilipili pamoja na pweza na lile supu lake. Mchuzi ukishapungua ndipo linaingia tui zito, na kuanzia hapo mwiko usitoke mkononi. Korogeni mpaka lianze kutokota, wala msifunike. Tui zito likiachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa linakatika: mafuta yanapanda juu na maziwa yanaganda vipande. Ndimu inakuja mwisho kabisa, sufuria likiwa limeshaepuliwa. Wengi hukamulia ndimu mapema wakiogopa shombo, kumbe ndiyo inayokata tui.

Swali linaloulizwa kila mwaka ni kama chakula kipikwe nyumbani au ufukweni. Ushauri wangu: pweza, samaki na wali vipikwe hukohuko. Desemba yetu ni joto la nyuzi 31 au 32 lenye unyevu, na chakula cha nazi hakivumilii. Wali wa nazi uliopikwa asubuhi, ukafungwa kwenye ndoo ya plastiki na kufunikwa kanga, unakaa vuguvugu kwa masaa, hali ambayo vijidudu wanaipenda kuliko zote. Saa nane mchana utafunua na kukuta harufu ya uchachu na utelezi chini. Kama lazima ubebwe, uingie kwenye hotipoti ukiwa unatoa mvuke, hotipoti ijae hadi juu, isifunguliwe mpaka wa kula. Na popote ulipopikwa, ukishapakuliwa usikae nje zaidi ya saa moja au mbili. Mabaki ya wali wa nazi wa sikukuu hayarudi nyumbani, hata bibi akilalamika.

Barafu nayo ina mambo yake. Kwa samaki, kanuni ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, imepondwa, na tabaka zipishane: barafu, samaki, barafu. Bonge zima lililowekwa juu linapoza hewa ya deli huku samaki wa chini wakioga maji ya vuguvugu. Barafu hiyohiyo ya samaki haiingii kwenye glasi. Mabonge mengi yanagandishwa kwa maji ambayo hayakuchemshwa, na yanaburutwa sakafuni kabla hayajafika kwenu. Ipozeeni chupa kwa nje. Juisi ya watoto iwekwe kwenye deli la pili, hata kama ni dogo.

Kwa samaki wa kuchoma chagueni kolekole, changu au tasi. Jodari, nguru na vibua ni watamu, lakini wana tabia moja ambayo watu wengi hawaijui. Wakikaa juani kwa masaa kabla ya kupata barafu, nyama yao hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kuchoma, kukaanga wala kuchemsha. Mlaji anasikia ulimi unawasha kama kaweka pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wengine wanavimba ngozi. Watu husema fulani ana mzio wa samaki, kumbe ni samaki mwenyewe aliyecheleweshwa. Kwa hiyo jodari wa kwenye sinia la kandokando ya barabara saa saba mchana, hata awe rahisi namna gani, aachwe apite.

Msimu huu ni wa korosho, na hakuna familia ya Newala, Tandahimba au Ruangwa inayokuja ufukweni mikono mitupu. Korosho ghafi zitaletwa kwenye mfuko na kijana mmoja atajitolea kuzichoma. Hapa nawaomba wazazi wawe makini, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi mithili ya asidi, na yakipata moto yanalipuka na kutoa moshi mweusi unaowasha macho na kifua. Debe la kuchomea litobolewe matundu chini, liwekwe mbali na chakula na watu, upande ule ambao upepo unaondoka nao. Korogeni kwa mti mrefu, si mwiko wa jikoni. Maganda yakianza kuvuja mafuta na kushika moto, msiyaache zaidi ya dakika moja mbili: mwageni zote mchangani, zifukieni kwa mchanga mkavu au majivu, zipoe. Mchanga unanyonya mafuta yaliyobaki. Ndipo zibanguliwe, na mbanguaji apake mikono majivu au mafuta ya kula. Mtoto asipewe kubangua kwa meno. Malengelenge ya mdomoni kwa mafuta ya korosho hayaponi kwa siku mbili. Na maganda yasigeuzwe kuni za kuchomea samaki, maana moshi wake unakaa kwenye nyama. Mkaa wa debe moja na nusu unatosha samaki na masufuria ya watu ishirini.

Mabibo yenyewe yanatoa juisi nzuri ya bure, endapo ukakasi utaondolewa. Chagueni yaliyochumwa siku hiyohiyo, kwani kesho yake yameanza kuoza, osheni, kamueni, chujeni kwa kitambaa. Kisha chemsheni mchele kidogo hadi uwe uji mwepesi, upoe, na mtie nusu kikombe cha uji huo kwa kila lita ya juisi. Korogeni, acheni dakika 20. Ule ukakasi unashikana na wanga na kuzama chini kama tope, nanyi mnamimina juisi safi ya juu. Inywewe kabla ya saa saba. Kwenye joto hili juisi ya mabibo inaanza kuchachuka siku hiyohiyo, na iliyoachwa kwenye dumu mpaka jioni imeshakuwa kinywaji kingine ambacho watoto hawakualikwa. Nguo nyeupe zibaki nyumbani. Doa la bibo ni la kudumu.

Baada ya chakula, maji. Mpaka hapo bahari imekuwa ikirudi tangu saa nne, na hairudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza inasogea kidogo, ya pili inaongeza, ya tatu na ya nne inakimbia, halafu inapunguza mwendo kuelekea kujaa. Katika saa mbili za kati peke yake hupanda nusu ya kimo chote. Kimo cha bamvua hili kitakuwa kama mita 2 na nusu hadi 3. Maana yake kati ya saa sita na saa nane mchana maji yatapanda mita moja na robo hadi moja na nusu. Mtoto aliyeachwa akiokota makombe kwenye fungu la mchanga saa sita, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, saa nane hayupo tena kwenye fungu. Na ubaya wa mafungu yetu ni kwamba mfereji kati ya fungu na nchi kavu hujaa kwanza. Mtu yuko pakavu, anacheka, kumbe njia ya kurudi imeshakatwa nyuma yake.

Kwa hiyo wote walioko mwambani na kwenye mafungu wawe wamerudi saa tano na nusu. Ateuliwe mtu mzima mmoja asiyekunywa, kazi yake kuhesabu vichwa vya watoto kila nusu saa na kukabidhi zamu kwa jina, si kwa kusema "mwangalieni". Saa nzuri ya kuogelea siku hiyo ni saa tisa hadi saa kumi na nusu, maji yakiwa yamejaa na yametulia. Ikifika saa kumi na moja watoto watoke, hata wakilia. Maji yanaanza kutoka, na yanatoka na chochote yalichokikuta njiani. Lindi mjini jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mto Lukuledi unamwaga ndani ya ghuba, na maji ya mto yakiungana na ya kupwa mkondo unakuwa mkali kwenye mfereji wa kuelekea Kitunda. Ruvula nako, kule Msimbati, kina kinaanguka ghafla hatua chache tu kutoka ufukweni. Asiyejua kuogelea akae magotini.

Wenye kwenda Msimbati wakumbuke kuwa ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizeni taratibu za kuingia kabla hamjafika na gari la watu kumi na wanne. Mchanga wa kule unameza matairi. Punguzeni upepo hadi paundi 18 au 20, endesheni kwa gia ndogo bila kusimama ghafla, na mjaze tena kabla ya kurudi barabarani. Gari lisiegeshwe ufukweni saa nne asubuhi kwa sababu panaonekana papana. Tafuteni ule mstari wa juu kabisa wa majani makavu na vijiti vilivyoachwa na bahari, halafu egesheni juu yake, si chini. Saa kumi alasiri maji yatafika pale. Kivuli nacho: mivinje ni salama, mikorosho ni mizuri zaidi, lakini chini ya mnazi si mahali pa kulaza mtoto.

Wa kuvuka kwenda Msangamkuu kwa pantoni wasisubiri safari za mwisho, kwani wote husubiri hizo. Wa mitumbwi ya kukodi wahesabu jaketi okozi kabla ya kuhesabu nauli. Yasipotosha watu wote, watu wapungue.

Michezo siwezi kuisemea sana, kila familia ina yake. Rede, kukimbia na magunia, bao chini ya mti kwa wazee. Kwenye kuvuta kamba tu, mtu asijifunge kamba mkononi wala kiunoni. Ikivutwa ghafla inakata vidole.

Lakini kwa kuwa ni Uhuru na si pikiniki ya kawaida, bendera itakuwepo, na hapo napo pana makosa ya kila mwaka. Ukiitazama huku mlingoti uko kushoto kwako, kijani kinakaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa mbali, na mkanda mweusi wenye kingo za dhahabu unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Fulana nyingi za mitaani zimeuchapa ukishuka. Bendera ya taifa haitandikwi mezani, haifunikii deli, haifungwi kiunoni; nembo za taifa zina sheria yake. Wanaotaka kupendezesha wanunue vitambaa vya rangi nne, mita mbilimbili, wavifunge kwenye miti. Vinapendeza zaidi kwenye picha, na upepo wa kaskazi ukivichana hakuna aliyevunja heshima.

Na kabla ya kuimba wimbo wa taifa, waulizeni watoto bendera ipi ilipandishwa Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Wengi wataonesha hii iliyopo mbele yao. Haikuwa hii. Ilikuwa ya Tanganyika: kijani, mkanda mweusi umelala katikati, na michirizi ya dhahabu pembeni yake. Bluu ilikuja na Zanzibar baada ya Muungano wa 1964. Tarehe 9 Desemba ina kumbukumbu mbili ndani yake, kwa sababu mwaka uliofuata, 1962, siku ileile ndiyo Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Kisha mpeni nafasi mzee mmoja azungumze dakika kumi, bila kipaza sauti, watoto wakae karibu. Kusini tuna ya kwetu ya kusimulia: Nachingwea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao, na makaburi ya mashujaa Naliendele yapo kilomita chache kutoka Mtwara mjini. Mtoto wa Mtwara asiyejua kwa nini Naliendele pana makaburi ya askari amenyimwa kitu cha nyumbani kwao.

Jua litazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa mwezi unaandama, giza litakuwa giza kweli. Hakutakuwa na mbalamwezi ya kuokotea vijiko. Fungeni mizigo saa kumi na moja na nusu, mkiwa na mwanga, mzime makaa kwa maji kwanza na si kwa mchanga peke yake. Makaa yaliyofukiwa na mchanga mkavu yanakaa na moto hadi asubuhi, na anayeyakanyaga kwa kawaida ni mtoto wa mvuvi anayepita pekupeku alfajiri.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Gazeti lako huchapa ratiba ya ligi na utabiri wa hali ya hewa. Wiki ya sikukuu, pembeni ya utabiri huo, naomba mtenge kisanduku chenye mistari minne: maji kujaa na kupwa, Mtwara na Lindi, kwa tarehe 9 na 25 Desemba, 1 na 12 Januari. Takwimu zipo bandarini. Nafasi inayotakiwa haizidi ile ya tangazo la simu moja iliyotumika.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara